Mama wa Benchi la Mbele

Usiniambie niliota. Ilikuwa saa tisa mchana, Jumamosi, hapa hapa Kisumu, na mimi nikiota huwa niko kitandani kwangu, mahali ninapopapenda kuliko pengine popote.

Siku hiyo nilitolewa nyumbani kwa nguvu. Atieno, mchumba wangu, alikuwa amenionya: nisipomwambia neno moja tamu kufikia Jumapili, anarudi kwao Usenge, harusi hakuna. Basi nikampeleka kuona picha ya mapenzi katika ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa blanketi.

Picha yenyewe ikawa bubu. Ya zamani sana. Watu wanafungua midomo, sauti hakuna, kisha yanatokea maandishi ya Kiingereza. Mwenye mashine akauliza ni nani aliyefika kidato cha nne, asimame kando ya shuka iliyotundikwa ukutani kuonyeshea picha, afasiri. Atieno akanisukuma.

Msichana kwenye picha alikuwa ameachwa na askari aliyekwenda vitani. Nikasoma: "Anasema atangoja."

"Bwana," mzee mmoja akaniita kutoka gizani, "hiyo ni mapenzi ama ni barua ya chifu?"

Ukumbi ukacheka. Atieno hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Ndipo mama mmoja wa benchi la mbele, kitambaa kichwani, akaninong'oneza: "Sema, kila jioni napika ugali wa watu wawili. Nusu nampa paka, majirani wasijue."

Nikasema. Ningefanya nini? Safari hii hakuna aliyecheka. Tangu hapo akanipa maneno yote, mara nyingine kabla maandishi hayajatokea. Nikasikia watu wakivuta makamasi. Niamini, nilianza kujiona fundi.

Mwishoni askari alirudi, akasimama mlangoni. Nikamgeukia mama. "Sasa anamwambia nini?"

"Sijui. Wangu hakurudi."

Akainuka, akapita katikati ya mwanga wa mashine. Kila aliyekuwa amekwenda kujisaidia alitutilia kivuli kikubwa cha kichwa juu ya picha. Yeye, hata kivuli cha kidole hakikuanguka kwenye shuka. Wale wawili kwenye picha wakakumbatiana, wakaongea, wakaongea, nami nimesimama kama nguzo mpaka blanketi zikateremshwa.

Nikamuuliza Atieno mama yule ameelekea wapi.

"Mama gani? Hilo benchi lilikuwa tupu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Kumbe una maneno mazuri hivyo, na umekuwa ukininyima?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Sikusema. Tukaoana.

Sasa ni mwaka wa sita. Kila akimaliza kazi za jioni anakaa mbele yangu. "Sema kama siku ile." Nimejaribu hata kwa kalamu na karatasi. Juzi nilimwambia chai yake ina sukari ya kutosha, akaenda kulala. Mara tatu nimerudi ukumbini, mimi nisiyependa kutoka, nikakaa kwenye benchi lile kama mjinga. Hakuna mtu.

Kwa hiyo wewe, ukisimama kufasiri na ukasikia mtu anakunong'oneza, ziba masikio. Kubali kuchekwa, urudi nyumbani. Yule mama maneno yake aliyapata kwa kungoja. Mimi mke wangu yuko hapo jikoni, namsikia anavyosogeza sufuria, na sijui nianze vipi.