Walivyolinyoosha Gitaa la Bibi

Nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa Utete, napinda mikono ya gauni la harusi la mtu, picha ikaingia kwenye simu. Unayajua yale makundi ya kuuza na kununua: leo friji, kesho mbuzi, keshokutwa kiwanja. Safari hii lilikuwa gitaa. Linang'aa kama sinia la sikukuu, limeegemezwa kwenye ukuta wa bluu, na chini yake pameandikwa: "Gitaa la kale, limekarabatiwa, lipo Kibiti, linapiga kama jipya." Nikataka kulipita. Kisha nikaona ubavuni doa jeusi la ukubwa wa yai, limejificha chini ya vanishi. Doa lile nililiunguza mimi kwa kibatari nikiwa na miaka minane, na nilichapwa kwa ajili yake. Nikaondoa mguu kwenye pedeli, gauni la watu likabaki na sindano mwilini.

Ndugu yangu, kama umekaa kusoma mambo ya utotoni ili uburudike, utaburudika kidogo. Lakini nakwambia mapema kwamba nimekasirika na sina mpango wa kupoa.

Nikurudishe kwanza Mbuchi. Mpunga ukianza kutia maziwa, watu wa kwetu tulikuwa tunahama. Kijijini wanabaki wagonjwa na kuku. Wengine wote tunahamia mashambani kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, tunaishi kwenye dungu. Dungu ni kibanda juu ya nguzo ndefu za mikoko, unapanda kwa ngazi, na jioni ngazi unaivuta juu kwa sababu nguruwe na viboko nao wana habari za mpunga wako. Tulikuwa watatu dunguni: bibi mzaa mama, mimi, na mjomba, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa kuanza kuota ndevu, na kazi yake kubwa ilikuwa kulalamika mbu.

Asubuhi kabla jua halijachomoza, kweleakwelea walikuwa wanakuja kama wingu. Tunavuta kamba zenye makopo, tunarusha udongo kwa kombeo, tunapiga ukelele mpaka koo linakauka. Mchana bibi anakata masuke mabichi, anakaanga, anatwanga, tunakula pepeta ya moto yenye nazi, na mikono inanukia moshi mpaka kesho yake. Mpaka leo nikisikia harufu ya mpunga unaokaangwa, njaa inanishika hata kama nimetoka kula.

Jua likifika utosini ndege nao hupumzika. Hapo ndipo bibi alipokuwa analishusha gitaa lake.

Babu alilitoa mjini alikokuwa anapakia boriti. Aliyempa hakumweleza kitu. Lilikuwa na shingo nene ya mraba, na nyuzi zake zilisimama juu, mbali na ubao, kidole kinapita chini yake bila kugusa. Babu alilikumbatia kifuani kama wanavyofanya wapiga magitaa wote, akakandamiza nyuzi mpaka vidole vikatoka damu, likamshinda. Akalitundika ukutani, na alipokufa likabaki hapo. Siku moja bibi ameketi mkekani, miguu kainyoosha, anasuka ukili, akalilaza mapajani kulifuta vumbi. Kipande cha bomba la baiskeli alichokuwa analainishia ukili kikateleza juu ya nyuzi, gitaa likalia. Alituambia kwamba siku hiyo ukili haukusukwa tena.

Hakufundishwa na mtu. Nyuzi zikikatika alikuwa anachambua waya wa breki ya baiskeli na kufunga mwingine. Na sauti yake, sijui nikueleze vipi. Unajua mwanamke anavyoita kutoka shamba moja hadi jingine, sauti inapanda, inapinda, inashuka polepole bila kukanyaga ngazi? Ndivyo lilivyokuwa linaita. Bomba linateleza juu ya nyuzi, sauti inakwenda nalo. Jirani yetu wa dungu la pili, mama mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, alikuwa anaitikia kwa mdomo, bibi anajibu kwa gitaa, wanasemezana hivyo mpaka ndege wanarudi. Mimi nilikuwa nawaelewa. Walikuwa wanasengenya.

Sasa ngoja nikwambie hasira ilipoanzia. Msimu wa kuamia, nusu ya darasa ilikuwa haionekani shuleni, na mwalimu wetu, mtu wa bara, alikuwa na desturi ya kutufuata mashambani mmoja mmoja. Siku aliyofika kwetu alipanda ngazi akihema, kavua viatu, kavishika mkononi, akamkuta bibi na gitaa mapajani. Akasahau habari ya utoro wangu. Kwao alikuwa mpiga gitaa wa kwaya.

"Mama," akasema kwa upole kabisa, "gitaa halilazwi kama mtoto wa kunyonya." Akalichukua, akalisimamisha kifuani, akakandamiza nyuzi, akakunja uso. Akaitazama shingo kama daktari anavyotazama ulimi. Akatoa hukumu: gitaa ni bovu, nyuzi zimenyanyuka, lakini likipata fundi litakuwa zuri sana. Kisha akamwonyesha bibi namna ya kulishika. Bibi, mtu mzima aliyelima na kuzika mume, akaketi na gitaa limembana shingoni, mkono umepinda kama anajikuna mgongo. Mjomba akacheka. Na mimi nikacheka. Kama nataka kusema kweli yote, niliyecheka zaidi ni mimi, kwa sababu mwalimu alikuwa mwalimu wangu na nilitaka anione mwenye akili.

Bibi alisema tu, "Haya mwalimu, tumesikia." Baada ya siku hiyo hakupiga tena mbele ya mgeni. Akisikia mtu anapanda ngazi, analifunika kwa kanga.

Mwalimu simchukii. Alikuwa mtu mwema, alinifundisha kusoma, na aliona alichofundishwa kuona; hakujua kwamba yapo magitaa yaliyoundwa kulazwa mapajani. Ninachokichukia ni lile neno "bovu" lililoingia kwenye sikio la mjomba na kukaa humo miaka yote hiyo kama mdudu. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mjomba alilala chini ya sauti ile misimu mingapi? Nilikula naye pepeta sinia moja!

Siku hizi bibi hapandi tena dungu. Magoti yamemwisha, macho yanaona kwa shida, anaishi kwa mjomba hapo hapo Mbuchi. Tangu masika alikuwa ananiuliza kwenye simu habari ya gitaa lake. Mjomba alimwambia lipo kwa fundi, nami nikaamini. Nilifikiri linabadilishwa nyuzi. Mjinga mimi.

Basi siku ile ya picha nilifunga duka, nikaenda Kibiti. Nilimkuta fundi kwenye kibanda cha spika na redio, kijana mstaarabu, akanipa kiti, akalifuta gitaa kwa kitambaa kabla ya kunipa.

"Dada'angu, hili limekuja hapa hoi," akasema. "Shingo ilikuwa na pembe nne kama boriti, nimeichonga ikawa duara, mkono unakaa. Nyuzi nimezishusha. Hapa juu ya shingo palikuwa na michoro tu, nimeweka vyuma kabisa vya kukandamizia nyuzi. Nimelinyoosha."

Nikalitazama. Kweli lilikuwa zuri. Kazi yake ilikuwa safi, hilo ndilo lililozidi kunichoma. Angekuwa fundi mbovu ningemtukana nikapumua. Nikamuuliza kama alimuuliza aliyekuwa analipiga.

"Mzee aliyeniuzia kasema mwenyewe hayupo."

Hayupo! Mama yake mzazi, aliyemwacha mkekani anasubiri uji, hayupo. Nikamwambia fundi arudishe shingo ilivyokuwa. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Dada, mbao nishaichonga. Mbao haioti." Mimi ni fundi cherehani, sikuhitaji kuambiwa. Kitambaa kikishapita kwenye mkasi, kimepita. Tofauti ni kwamba mimi sikati nguo ya mtu kabla ya kumpima mwenye mwili. Nikalinunua bila kubishana bei, na nje ya kibanda nikampigia mjomba.

"Mpwa wangu, usinipandishie sauti," akasema. "Lilikuwa bovu toka zamani, mwalimu alisema mbele yako. Na wewe ulikuwepo. Si ulicheka?"

Ndugu yangu, yapo maneno ambayo mtu hamwambii kaka wa mama yake. Nilimwambia yote, pale stendi, watu wakageuka. Sijamwomba radhi. Mama yangu ananisihi kila wiki nimwombe, anasema mjomba ni mjomba. Namjibu kwamba na bibi ni bibi.

Nikapanda pikipiki na gitaa mgongoni kupitia Ruaruke mpaka Mbuchi, njia nzima najidanganya. Nilikuwa najiambia kwamba mikono ya bibi ina hekima yake. Huenda atazoea. Huenda sauti ilikuwa kwake yeye wala si kwenye shingo ya mraba. Mtu mwenye hasira hujiuzia uongo kwa bei rahisi.

Nilimkuta ukumbini mkekani, miguu kainyoosha vilevile. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mke mwenzangu, kwa utani wake wa siku zote wa kudai kwamba nilimwibia babu. Nikamlazia gitaa mapajani. Uso ukamfunguka. Akapeleka mkono kwenye pindo la kanga, akafungua fundo, akatoa kile kipande cha bomba. Miezi yote hiyo alikuwa anatembea nacho kiunoni.

Akakiweka juu ya nyuzi, akakivuta. Chuma kikagonga chuma: ka, ka, ka, ka, mpaka mwisho wa shingo. Akarudia polepole zaidi. Ka, ka, ka. Hakikuteleza, hakikuimba, kila hatua kilijikwaa. Akaweka bomba chini. Akapitisha kiganja shingoni kutoka juu mpaka chini, akakizungusha kule nyuma kulikokuwa na pembe. Nilisubiri alie. Nilisubiri amuulize mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni anatazama miguu yake. Kwa kweli nilisubiri amlaani, nimwitikie amina.

Badala yake akanihurumia mimi.

"Pole, mke mwenzangu, wamekughilibu huko Kibiti. Hili si langu miye. Wamekupa la mtu. Na limetunzwa hili, gusa uone, lina mwenyewe analipenda. Mrudishie, asije akawa analitafuta."

Ningesema nini? Bibi, ndilo lenyewe, mwanao kaliuza, kijana mwema kalichonga, na mimi nilicheka? Akanihimiza niondoke kabla ya magharibi, akatoa kanga yake nzuri ya kutokea, akalifunga mwenyewe, mafundo matatu, ili mali ya watu isikwaruzwe njiani.

Sasa lipo kwangu Utete juu ya kabati la vitambaa, ndani ya kanga ile ile. Tangazo la kuliuza sijaliweka na sitaliweka. Wakati mwingine nakaa sakafuni, nanyoosha miguu, nalilaza mapajani, kisha nalirudisha bila kuligusa nyuzi, maana ka, ka, ka nimekwisha kuisikia.

Unajua kinachonipandisha hasira kuliko mjomba, kuliko fundi, kuliko yote? Simu tunazo wote. Nina picha za keki za watu nisiowajua. Nina video za vigodoro, ngoma za kukesha, za mitaa ambayo sijawahi kufika. Sauti ya bibi yangu akisemezana na jirani juu ya mpunga, sina hata ya kupepesa jicho. Jirani mwenyewe alishazikwa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua gitaa lile lilikuwa linasema nini, isipokuwa mimi, nami najua kusikiliza tu. Sikuwahi hata siku moja kumwambia, bibi, nifundishe. Watu wanakuja kwetu kuandika habari za mikoko na za viboko; habari ya mwanamke aliyegundua chombo peke yake juu ya nguzo nne hawakuiuliza, nasi wenyewe hatukuwatajia, tulidhani ni bibi tu anajichezea na kitu kibovu.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Mbuchi. Gitaa lake haliulizii siku hizi. Aliniuliza tu kama yule mwenyewe nilimpata. Nikamwambia nilimpata, bibi, kashukuru sana. Akasema alhamdulillahi, akaendelea kusuka. Baada ya kitambo akanyanyua kichwa.

"Analipiga?"

"Analipiga, bibi."

"Anajua?"

Mjomba alikuwa pale pale, kainamia kikombe chake cha chai. Nikamtazama yeye, nikamjibu bibi.

"Anajua sana," nikasema.