Vichwa vya Njano Vyenye Machozi

Mwanangu ana miaka kumi na mmoja na anapenda nyigu. Nalisema mwanzo kabisa ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee.

Si nyigu wote. Anapenda yule mweusi mwenye kiuno chembamba, anayebeba tope mdomoni na kujenga vyumba kwenye pembe za madirisha. Zamani nilikuwa navibomoa kwa ufagio. Siku moja, akiwa na miaka minane, alinishika mkono.

"Mama, usibomoe. Humo ndani kuna mtoto."

Tangu hapo nikawa nafagia kwa kuzunguka. Viota vilivyohamwa alivibandua kwa kijiko, akavipanga kwenye boksi la viatu juu ya pamba. Kisha alivichora kwenye daftari kubwa lenye jalada la bluu, chumba kwa chumba, pamoja na idadi ya buibui ambao mama nyigu huwaweka humo wawe chakula cha mwanawe. Nikamuuliza, na baba wa nyigu je? Akajibu bila kuinua kichwa, "Baba hajengi, mama. Anapita tu." Nilicheka nusura niunguze shuka la watu. Kumbe mtoto anasoma mambo ya kweli.

Mimi ni mpiga pasi. Nafanya kazi kwa dobi, chumba cha nyuma, kwenye meza iliyotandikwa blanketi lenye alama za moto za wote walionitangulia. Shule niliishia darasa la pili, mjomba aliposema mtoto wa kike akishajua kuhesabu vyombo inatosha. Kusoma nasoma, lakini kwa kidole, herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Ndiyo maana katika lile kundi la wazazi wa darasa kwenye simu nilikuwa nasikiliza sauti na kutazama picha tu. Maandishi yao yalinipita mbio kabla kidole hakijafika mstari wa pili.

Siku hiyo ilikuja video. Mwanangu yuko katikati ya darasa. Wenzake wamemzunguka, wananguruma zzzz, zzzz, na msichana mmoja anamvunjia kiota kichwani. Tope kavu linamwagikia shingoni. Anakusanya vipande kwa mikono miwili na kuviweka kwenye sketi yake. Aliyeshika simu anacheka mpaka picha inatikisika.

Chini ya video vikaja vichwa vya njano. Unavijua, vile vya mviringo, macho yamefumbwa, machozi yanaruka pande zote mbili. Kimoja, vitano, ishirini. Wazazi wote. Moyo wangu ukalainika. Nikasema, kumbe watu wana utu. Nikabonyeza nikazungumza:

"Wazazi wenzangu, asanteni. Mmelia na mwanangu. Mungu awafute na ninyi machozi."

Vichwa vikamiminika kama mvua.

Kesho yake nikamwonyesha mwenzangu wa meza ya pili. Tunamwita Bi Wanga kwa sababu ya wanga wa kukazia kola, si wale wanga wa usiku, ingawa akikasirika sina uhakika. Aliitazama video hadi mwisho.

"Dada," akasema, "nani alikwambia hivi vinalia?"

"Si machozi hayo?"

"Ya kicheko. Wanacheka mpaka machozi yanatoka."

"Wote?"

"Wote, dada. Na uliposhukuru ndiyo wakazidi."

Nimeachwa na mume mchana kweupe, majirani wakitazama. Nimeitwa mbumbumbu na mtu niliyemfulia miaka kumi. Lakini kuwashukuru watu kwa kumcheka mwanangu! Na watu hao nawajua kwa nguo zao. Najua ni nani kola yake haitakati, ni nani hulowa jasho hata kukiwa na baridi, na shuka za mwenyekiti wa wazazi nazijua kuliko anavyozijua yeye. Sijawahi kufungua mdomo. Siri ya nguo ni ya dobi.

Nikaenda shuleni na harufu ya mvuke mwilini. Mwalimu mkuu alinikaribisha kiti.

"Mama, watoto hutaniana. Utani ni afya."

"Kumvunjia mwenzao tope kichwani ni afya?"

"Chanzo ni hiki hapa." Akafungua kabati, nikaliona daftari la bluu. "Mtoto wa kike na nyigu, wapi na wapi? Akiacha mambo haya, nitamrudishia."

Yaani aliyevuliwa nguo ndiye anayeadhibiwa kwa uchi.

Nyumbani mwanangu alinipa boksi la viatu. "Katupe, mama." Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikaa akitazama ukuta, na siku zilizofuata nyigu akipita dirishani aligeuza uso. Nikaogopa, maana mimi pia nilikuwa na kitu nilichokipenda nikiwa mdogo, nikachekwa, nikakiacha. Leo ukiniuliza kilikuwa nini, sikumbuki. Sikutaka mwanangu asahau.

Boksi nililificha kazini, nyuma ya magunia ya sabuni. Bi Wanga naye akawa anapekua simu kila tukipumzika, hadi siku moja akaniita.

"Nimepata kundi la watu wanaotazama wadudu. Wako mia kadhaa."

"Wazima?"

"Wazima wa kiasi."

Nikawatumia sauti, na sikuwabembeleza. Niliwasimulia yote, nikamalizia: "Kama na ninyi ni wa kucheka, chekeni nisikie, nijue moja."

Wa kwanza kujibu alikuwa dereva wa lori, injini ikinguruma nyuma yake. "Mama, kwenye kioo changu cha pembeni kuna mmoja amejenga. Wenzangu wananiita Baba Nyigu. Mwambie binti hayuko peke yake." Akafuata mzee mmoja: "Mimi ni fundi mwashi miaka thelathini. Sijaona mtu anayepiga lipu kama yule mdudu." Mwishowe akaja mama mmoja anayefundisha habari za wadudu chuoni. Yeye hakutoa pole. Aliuliza: "Binti, milango ya viota vyako inatazama upande gani?"

Nikaicheza sauti hiyo karibu na mwanangu. Aliendelea kutazama ukuta. Nikaanza kuzima simu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Inatazama upande ambao mvua haipigi. Ila kile cha chooni, yule alikosea."

"Mwambie mwenyewe."

Akachukua simu. Alizungumza mpaka chaji ikaisha. Alipogeuka akaniuliza, "Boksi ulilitupa wapi?"

"Nani alitupa?"

Yule mama wa chuo akaomba aone michoro. Nikamwambia imefungiwa kabatini. Hapo kundi lilichemka. Kila mmoja akarekodi ujumbe kwa mwalimu mkuu, kwa heshima, bila tusi hata moja. Nami nikaupeleka mzigo huo shuleni mwenyewe. Niliweka simu mezani pake, sauti juu kabisa.

"Mama, punguza, walimu wanasikia."

"Ndiyo nia yangu."

"Mwalimu, habari za kazi," dereva akaunguruma ofisini. "Naomba daftari la mwenzangu."

Akafuata fundi. Akafuata muuguzi mmoja wa kundi hilo, kisha mama wa chuo. Walimu wawili walikuwa tayari mlangoni. Kwenye sauti ya kumi na moja, kabati lilifunguliwa.

Kurasa za katikati hazikuwepo. Zilichanwa.

"Karatasi zilituishia ofisini," alisema mwalimu mkuu, akitazama dirisha. Miaka mitatu ya mwanangu waliandikia zamu za usafi! Hakuomba radhi, na hadi leo hajaomba.

Nilipomkabidhi daftari nyumbani, nilidhani mtoto ataanguka. Alizipitia kurasa zilizobaki, akahesabu mapengo. "Nitachora upya," akasema. "Viota ninavyo." Sasa kila alasiri anachora, na simu iko pembeni. Fundi humtumia picha za kuta, na dereva humpa habari za mpangaji wake wa kioo.

Juzi mwenyekiti wa wazazi alileta blauzi yake ya marinda. Huenda alisikia habari za ofisini.

"Mama wa mwanasayansi!" akaniita. "Vile vichwa siku ile vilikuwa vya kulia, ujue. Tulilia na wewe."

"Siku hizi najua kusoma nyuso," nikamwambia.

Akainua macho, akakiona kiota juu ya dirisha la kupokelea nguo. "Uii! Kitoe hicho, ataniuma!"

"Huyu haumi hovyo," nikasema. "Anauma akivunjiwa nyumba."

Blauzi niliipiga pasi vizuri, rinda kwa rinda, kwa sababu kazi yangu naiheshimu. Yeye sijamsamehe. Kiota kipo palepale, na jioni mwanangu atapita kutazama kama mama nyigu ameshauziba mlango, mwanawe akiwa salama ndani.