Gunia la Tisa

Mchukuzi wa vifusi mtaani kwetu tunamwita Chekeche, kwa sababu ya chekeche la mchanga linaloning'inia nyuma ya mkokoteni wake. Kabla hajanyanyua gunia huuliza swali moja tu, na halikwepeki.

"Ndani kuna nini?" aliniuliza siku nilipobomoa bafu.

"Kifusi tu, kaka. Matofali, vigae, zege."

Nilimdanganya mchana kweupe. Alikuwa amenisihi vioo na makopo ya rangi niviweke kando, vina mahali pake pa kupelekwa. Makopo niliyatenga. Lakini vioo vya dirisha la zamani, mgongo ukiwa unaniuma hivi? Nilivitwanga kwa nyundo, nikavimimina kwenye gunia la tisa, juu nikafunika kwa vumbi la plasta. Nani atachungulia?

Sasa, mimi kwa udaku sijambo. Wachukuzi wengine humwaga mtaroni, mvua ikinyesha tunaelea sebuleni. Huyu anapeleka wapi? Swali lilinikosesha raha mpaka safari ya mwisho nikamfuata nyuma nyuma, nikijifanya naenda dukani.

Aliteremka hadi bondeni, kwenye nyumba yenye ua wa tope tupu. Kutoka mlangoni kuelekea chooni palikuwa na njia iliyoinuliwa na kushindiliwa vizuri. Niliinama kuitazama. Kigae cha bluu cha jikoni kwa jirani yangu! Tofali la duka lililovunjwa mwaka jana! Njia ilikatika karibu na choo, na hapo ndipo magunia yangu yalipopangwa.

Bibi mmoja alitoka nje, kandambili mkononi, miguu mitupu.

"Mama yangu haoni," Chekeche aliniambia, wala hakushangaa kuniona. "Njia anaijua kwa nyayo. Viatu hataki hata kusikia."

Nilinyoosha kidole kwenye mkokoteni. "Kaka, lile la tisa lina vioo."

"Kila gunia nalimwaga kwenye turubai, nalichekecha. Si lako tu, dada. Kila mtu huniambia kifusi tu." Akaligeukia gunia. "Vipande vikubwa?"

"Nilivitwanga."

Alilishusha gunia, akaliweka mbali kabisa na mengine. "Basi vitapenya kwenye chekeche. Hili lote halifai."

Jioni ile manane yalishindiliwa. Bibi alitembea taratibu hadi mwisho, akanyoosha mguu mbele, ukagusa tope.

"Hapa bado?"

"Bado, mama. Limepungua gunia moja."

Hakunitaja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Kesho yake nilibomoa ukuta mfupi wa bustani yangu, nikaosha matofali moja moja, nikayapondaponda. Chekeche alikuja na mkokoteni.

"Ndani kuna nini?"

Nilimwaga gunia kwenye turubai lake, nikavua viatu, nikatembea juu ya kifusi.