Mlinzi wa ngome ya kale anayeliogopa lango lake

Saa moja asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi, Priscah Bochaberi anasimama mbele ya lango la mawe na hapiti. Anachungulia juu, anapapasa ukuta kwa kiganja, kisha anarudi nyuma haraka kama mtu aliyeona nyoka. Mvua imenyesha usiku, na ukuta ulio juu ya lango umefura.

"Ona pale, juu ya ile jiwe ndefu," anamwambia mwandishi huyu. "Jana hiyo tumbo ilikuwa ndogo. Leo naona imeongezeka. Ama ni macho yangu, sijui. Lakini naogopa, sitakuficha."

Bochaberi, 43, ni mlinzi na mwongoza wageni katika magofu ya Ohinga ya Kagoro, juu ya kilima kinachotazama ghuba ya Karungu, Kaunti ya Migori. Ohinga ni jina la Kijaluo la ngome ya mawe. Watu wa kale waliijenga kwa mawe makavu, jiwe juu ya jiwe, bila udongo wala chokaa, na kuta zake zinamzidi kimo mtu mrefu.

Ndani mna misingi ya nyumba, zizi la ng'ombe na mwamba uliochongwa vishimo vya kuchezea ajua, mchezo wa bao wa Wajaluo. Nani alijenga? Kila ukoo una jibu lake, na majibu hayo hayapatani hata siku moja.

Lango ni jembamba na fupi. Waliolijenga walitaka adui aingie ameinama, shingo mbele. Siku hizi wanaoinama ni wageni wa kulipa, na ndiyo sababu Bochaberi hapati usingizi mvua inapopiga mabati.

Alizaliwa Nyamira. Alikuja Karungu akiwa msichana, akimfuata mama yake aliyekuwa akiuza ndizi sokoni, akaolewa na Nashon, fundi wa nyumba. Miaka ishirini na kitu imepita na bado jirani zake wanamwita Nyar Kisii, binti wa Kisii. Anasema zamani jina hilo lilimuudhi, lakini sasa akiitwa Priscah hageuki.

Kabla ya kupewa kazi hii alikuwa akikausha na kuuza omena, dagaa wa ziwani. Sasa mgeni hulipa shilingi mia moja kwa kikundi cha familia zinazomiliki kilima, na Bochaberi hupata fungu lake. Mwezi mzuri humletea kama elfu sita. Mwezi wa mvua humletea matope. Jumamosi hafanyi kazi kwa sababu yeye ni Msabato, na anakiri kwamba mahubiri yakirefuka, mawazo yake hupanda kilimani.

Balaa lilianza kwa nia njema, kama mabalaa mengi ya kwetu. Mawe machache yalianguka kutoka juu ya lango, na kikundi kilikuwa kikitarajia wageni wakubwa. Nashon akaitwa azibe. Akaziba kwa simiti, akapiga lipu safi, watu wakapiga makofi na picha.

Tatizo lilijitokeza mvua iliporudi. Maji yaliyokuwa yakiingia juu ya ukuta na kutokea katikati ya mawe yalikosa njia. Yakabaki ndani, yakalowesha udongo uliojipenyeza humo kwa miaka mingi, na ukuta ukaanza kusukumwa nje.

"Nilifanya vile fundi hufanya," anasema Nashon, mtu mpole asiyependa maneno mengi. "Nilidhani ukuta ukizibwa unapata nguvu. Hii si nyumba. Hii inataka kupumua." Yeye mwenyewe hajapita chini ya lango hilo tangu mwaka jana. Mkewe anapomtuma kitu ndani ya ngome, husingizia mgongo.

Afisa mmoja wa makumbusho alitumwa kukagua. Alitazama, akasema mtu yeyote asipite pale hadi kiangazi, simiti itakapoweza kutolewa taratibu kuanzia juu. Kuitoa sasa, ukuta ukiwa umelowa, ni kuuangusha wote. Akaondoka, na ubishi ukabaki.

Msomaji atauliza, je, hakuna njia nyingine ya kuingia? Ipo. Upande wa magharibi ukuta ulianguka zamani za kale, na pengo lake linatosha mkokoteni. Mawe ya hapo yametulia, hata mbuzi hulala juu yake.

Lakini pengo si lango. Wazee wa hapa wanaeleza kwamba boma lina mlango mmoja wa watu. Anayepenya uani ni mwizi, au ni maiti inayopitishwa huko ili isijue njia ya kurudi. Tena hili ni gunda, yaani boma lililoachwa na wenyewe, na gunda halichezewi. Anayevunja mwiko hupatwa na chira, ule ugonjwa wa kukonda na kuisha.

"Wao wanaogopa watu walikufa," anasema Bochaberi. "Mimi naogopa mawe. Sote tunaogopa, lakini hatuogopi kitu moja."

Mwaka jana alijaribu ujanja. Mtalii mmoja kutoka Ugiriki alimwonyesha kwenye simu picha za mji wa kale wa mahekalu huko kwao, nguzo ndefu nyeupe, nyingine zimesimama, nyingine zimelala chini kama magogo. Bochaberi hakuuliza habari za miungu. Aliuliza nani hupita chini ya zile nguzo. Akajibiwa hapiti mtu, wamefunga kamba.

Kesho yake akanunua kamba, akafunga langoni. Kufika jioni kamba hiyo ilikuwa imefunga ndama wa jirani, na hakuna aliyejua ilifikaje huko.

Ijumaa ambayo mwandishi huyu alikuwepo, basi la shule lilipanda kilima likiguna. Wasichana wa kidato cha tatu kutoka shule ya bweni upande wa Asumbi, Kaunti ya Homa Bay, walishuka wakicheka na kurekebisha sketi. Mwalimu wao wa historia, Lynnet Monari, alieleza kwamba wamekuwa wakisoma juu ya miji ya mahekalu ya Wagiriki. Ugiriki nauli yake haipatikani, alitania, ila Karungu wanafika na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Bochaberi hakutania. Alikuwa ameziba lango kwa matawi ya miiba tangu asubuhi, na alimwomba mwalimu awapeleke wasichana kwenye pengo. Mwalimu aliuliza kwa nini, akaambiwa, na kicheko kikamwisha usoni. Wasichana waliokuwa karibu walisikia, wakaanza kunong'onezana. Wengine waliogopa ukuta. Wengine, wanaotoka kwenye maboma yenye mila hizo hizo, waliogopa pengo zaidi.

Hapo ndipo alipofika Mzee Oyaro, mwenyekiti wa kikundi, mtu wa miaka sabini na ushee aliyevaa kofia ya pama. Si mtu mbaya, na ni vizuri lisemwe mapema. Aliyaona matawi, akaona aibu mbele ya wageni, akaanza kuyaondoa kwa fimbo yake, tawi moja moja.

Bochaberi alisimama kati yake na lango.

"Jaduong', leo hapana," akasema. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyoheshimiwa hapa.

"Nyar Kisii, unataka niwapitishe watoto wa watu nyuma kama maiti?"

"Nataka uwarudishe wazima kwa mama zao, baba."

Mzee alisema lango hilo lilisimama kabla babu wa babu yake hajazaliwa, na kwamba atapita yeye kwanza ili watoto waone. Bochaberi alimshika mkono wa koti. Mzee akajitoa kwa upole, akainama, akaingia.

Alikuwa katikati, kichwa chini ya lile jiwe refu, changarawe zilipoanza kumwagika. Zilikuwa chache, zikagonga kofia yake na kuteremka mabegani. Kisha kipande cha lipu, kipana kama sahani, kikaanguka nyuma ya visigino vyake na kupasuka.

Mzee alisimama vile vile ameinama, bila kujua aende mbele au arudi. Bochaberi akamwita kwa sauti ndogo, akimwambia arudi kinyumenyume, asiguse pembeni. Akarudi. Ilichukua muda ulioonekana hauishi.

Alipotoka, uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Alijipangusa, akaokota fimbo, akaanza kutembea kando ya ukuta kuelekea magharibi, na sote tukamfuata.

Kwenye pengo alisimama. Alivua kofia, akanong'ona maneno ya Kijaluo ambayo hakutaka kutafsiriwa baadaye. Mtu huyu alikuwa ametoka kunusurika chini ya jiwe, lakini aliogopa zaidi hapa, mbele ya uwazi usio na kitu juu yake ila mbingu. Kisha akaingia, akageuka, akanyoosha mkono.

"Biuru," akawaambia wasichana. Njooni.

Wakapita mmoja mmoja. Baadhi walifanya ishara ya msalaba, baadhi walifumba macho. Mmoja alikataa kabisa, akarudi kukaa ndani ya basi, na hakuna aliyemcheka. Mwandishi huyu naye alipita, tena upesi, na hajifanyi shujaa.

Ndani, Bochaberi aliwaonyesha zizi na mahali pa kusagia nafaka. Wasichana waliingiza vidole kwenye vishimo vya ajua. Mwalimu Monari alisema alitaka kuwafundisha jinsi mji unavyokufa, lakini siku hiyo alichotaka ni kuwahesabu tu. Aliwahesabu pale ndani, akawahesabu tena kwenye basi.

Habari hii ingeishia hapo, na ingekuwa habari njema. Jumatatu Bochaberi alipiga simu. Mzee Oyaro alikuwa kitandani, anatetemeka kwa homa, hali chakula.

Zahanati ilimpima, ikasema ni malaria. Karungu malaria si mgeni, kila nyumba inaijua kwa jina. Lakini kijijini hakuna aliyetaka kusikia habari za mbu. Alipita pengoni Ijumaa, akaugua Jumapili. Mkewe mzee aliwaambia waliokuja kumwona kwamba mume wake ameponzwa na mwanamke wa kuja, asiyejua mila za watu.

Jumanne asubuhi Bochaberi alikuta matawi ya miiba yameondolewa langoni na kutupwa bondeni. Akakata mengine. Jumatano yakaondolewa tena. Kikundi kina wageni kutoka Kisumu wanaotarajiwa mwisho wa mwezi, na baadhi ya wanachama wameshaapa kwamba hakuna mtu atakayepitishwa pengoni tena.

"Sina hasira na mama," anasema Bochaberi, akimzungumzia mke wa Oyaro. "Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Mtu akiogopa anatafuta mwenye makosa."

Mpango wake ni mmoja. Januari, jua likishaukausha ukuta, Nashon atapanda na kuanza kuibandua simiti yake mwenyewe kutoka juu, na mawe yatashushwa, kila moja na alama yake ya chaki, kisha yarudishwe makavu kama zamani. Nashon amekubali. Lakini yeye ni mtoto wa hapa, na hatagusa jiwe la gunda asiposimama mzee wa ukoo kumruhusu. Wazee wengine wamekataa. Aliyesema ndiyo ni Oyaro peke yake, jioni ile ya Ijumaa, kabla homa haijampata.

Kwa hiyo kila jioni Bochaberi huteremka kilimani na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai na kuketi karibu na kitanda cha mzee. Siku za kwanza mke wa Oyaro hakumpa kiti, akaketi sakafuni. Sasa kiti kinaletwa, ingawa maneno bado hayajaletwa.

Hadi tunakwenda mitamboni, mzee alikuwa ameanza kumeza vijiko vichache. Aliuliza kuhusu lango. Bochaberi alimdanganya, akamwambia limefungwa vizuri.

"Mimi naomba tu huyu mzee afike Januari," anasema, akifunika chupa. "Watu wakimwona ametembea tena, watapita kwa pengo. Lakini akienda sasa, watasema ni chira ya pengo, na siku ya matanga tu watarudi wote pale langoni, na watoto wao. Na hiyo ukuta haiwezi kungoja."