Namba Mbili wa Bomba la Kiwanjani

Leo nacheka, lakini kwa miaka mingi mtu akitaja neno "mwenyekiti" mbele yangu nilikuwa nakumbuka ghafla kazi niliyoiacha mahali, naondoka. Niliaibika, tena kwa sheria niliyoileta mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini, kamati ya bomba letu la maji la Kiwanjani inatafuta mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye anayekaa na ufunguo (na ufunguo wa maji Isiolo si kitu cha mchezo). Wagombea tulikuwa wanne: Ekal mwenye mbuzi, Mama Kanana muuza miraa, Hassan fundi wa baiskeli, na mimi Mutuma, karani mwenye tai moja na maneno mengi. Nikapita nyumba kwa nyumba, na kila mlango nikaambiwa, "Baada ya yule wangu, ni wewe tu, Mutuma." Kila mlango! Nikajiona nimeshinda, ila wakiinua mikono kila mtu angemwinulia yule wake, kwa hivyo nikawashawishi tutumie njia niliyoisikia kwenye semina: kila mtu aandike majina yote, wa kwanza mpaka wa nne, akikosekana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anatolewa, na karatasi zake anapewa yule aliyeandikwa wa pili. Nikaieleza kwa chaki mara tatu, nikifurahia sauti yangu. Nyumbani nikamwambia mke wangu, Mama Kendi, apike mandazi ya ushindi.

Siku yenyewe nikavaa tai. Nilipoinama kuandika, adabu ikanishika: mtu mzima ajipe namba moja mwenyewe? Nikamwandika Ekal wa kwanza, mimi wa pili.

Mwalimu wa shule yetu, aliyesimamia kura, akahesabu. Ekal kumi na nne, Mama Kanana kumi na mbili, Hassan tano. Akazipekua karatasi tena.

"Hakuna mwenye nusu. Wa mwisho ni Bwana Mutuma, huyo iko nje. Sasa tugawe karatasi yake." Akaangalia juu ya meza, akaangalia chini ya meza. "Lakini karatasi yenyewe iko wapi?"

Watu walicheka mpaka mbuzi wa Ekal wakakimbia. Kisha Hassan akatolewa, na kwenye karatasi zake zote tano, wa pili ni mimi! Nikaruka, "Hizo ni zangu!" Mwalimu akanijibu kwa upole, "Wewe ulishatoka, Bwana. Si ni sheria yako?" Zikaenda kwa wa tatu, Mama Kanana, na ufunguo ukaenda naye.

Nikamgeukia mke wangu (ameshika sinia, tayari anatafuna andazi langu). "Hata wewe, Mama Kendi?"

"Mimi nilipatia Kanana ya kwanza, yeye huamka alfajiri kuliko wewe, ndio debe yangu ya maji ijae mapema. Wewe nikaweka ya pili. Kwani hukujipatia moja wewe mwenyewe?"

Nikachukua andazi. Mpaka leo naitwa Namba Mbili, na nimeapa: karatasi ya kura ikinifikia mkononi, jina langu linakaa juu kabisa, hata kama wanamchagua mwenyekiti wa akina mama.