Ufunguo wa Saa ya Shaba

Saa yenyewe ilikuwa ya shaba, ukubwa wake kama tofali la kuchoma lililosimamishwa. Vioo pande zote nne, kioo kingine juu, na mpini wa kuibebea. Ukichungulia kile kioo cha juu unaona kigurudumu kinakwenda huku na huku bila kuchoka, kama moyo wa kuku aliyepasuliwa sasa hivi. Saa kubwa za ukutani ukizisogeza zinasimama. Hii hapana. Ilitengenezwa kwa watu wa safari, zamani wazungu walipokuwa wakipanda magari ya farasi. Hayo aliyasema mama mzungu siku anampa mume wangu, maana mume wangu alikuwa mpishi wao kule mgodini. Walipofungasha kurudi kwao, yeye akapata saa, mimi nikapata pazia. Nililishona magauni mawili, yakanikaa vizuri sana, lakini turudi kwenye saa.

Juu palikuwa na kitufe. Ukikibonyeza inagonga tena saa iliyopita, kwa hiyo hata taa ikizimika unajua ni saa ngapi. Wazungu waliitegesha kwa hesabu yao, jua likichomoza inagonga mara saba. Mume wangu akazungusha mishale mpaka saa moja asubuhi ikagonga mara moja tu, akasema sasa imejifunza Kiswahili. Chini ya uso mkubwa palikuwa na uso mdogo wenye mshale mmoja, huo wa kuamshia. Aliutegesha kila siku ingawa kazi hana tena. Inalia, anaisikiliza mpaka mwisho, anajifunika. Alisema hiyo ndiyo raha ya kengele, kuisikia na huna bwana wa kumchemshia chai.

Mimi ni Mkonongo, mwenyeji wa huku, yeye alikuwa mtu wa ziwani, Mwislamu. Tulikuwa wake wawili. Mimi mkubwa nilikaa Nsemulwa, mdogo alikaa Magamba kwenye shamba la mahindi. Zamu ilikuwa wiki kwangu, wiki kwake, na akihama anabeba saa kwa mpini wake, inakwenda njia nzima. Majirani hawakuhitaji kuuliza mzee yuko wapi, walisikiliza tu kengele. Ufunguo wa kuitia nguvu ulikaa nyuma ya mlango wangu, kwenye msumari, kwa sababu kule Magamba watoto wa jirani walichezea kila kitu. Ukiijaza mpaka mwisho ilikwenda wiki na siku moja juu yake. Baada ya hapo kimya.

Masika moja alikwenda zamu ya Magamba, hakurudi. Wiki ikapita, na ile siku ya juu ikapita. Nikasema saa imenyamaza, atafuata ufunguo. Hakufuata. Niseme ukweli, sikuwa na hamu naye sana. Ila nyumba ilikuwa yake na mtoto sikuwa naye. Akihamia Magamba moja kwa moja, mimi narudi kwa kaka zangu, na wake za kaka zangu nilikuwa nawajua.

Jirani yangu mmoja, mdomo wake haukujua kufungwa, aliniuliza kisimani, "Bi mkubwa, mzee kahama?"

"Hajahama. Ufunguo wa saa uko kwangu."

"Kwani yeye ni kufuli?"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Ungefanyaje?

Mvua ilikuwa bado inanyesha aliponijia mke mwenzangu. Matope mpaka magotini, kichwani tenga la viazi. Akatua, akatoa viazi, chini yake saa, imefungwa khanga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mzee mzima?"

"Mzima mno! Anakula, analala, anasema mto umejaa hawezi kuvuka. Mimi nimevuka."

"Kakutuma?"

"Hajui. Kaenda kucheza bao. Nimechoka naye, dada. Zamu ni zamu. Na mimi nataka wiki yangu ya kupumua, nipike ninachotaka, nilale katikati ya kitanda."

Sikutegemea. Siku zote hizo nilidhani ndiye aliyemshika.

"Sasa umeniletea saa ya nini?"

"Saa ikiwa hapa atakuja. Huyo hamfuati mtu, anafuata kengele yake."

Nikachukua ufunguo msumarini, nikaijaza mbele yake. Ikaanza kwenda. Tukala viazi tukiitazama, na hapo ndipo yeye aliponiambia shauri lake. Alipoondoka, ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la khanga yake.

Kesho yake mzee akaingia, suruali imelowa. Hakunisalimia.

"Saa yangu iko wapi?"

"Hiyo hapo. Mto umepungua?"

Akabonyeza kitufe, ikagonga, akakaa. Akakaa wiki nzima, mpaka asubuhi moja ikanyamaza.

"Lete ufunguo."

"Uko Magamba."

"Umefikaje Magamba?"

"Kwa miguu."

Akanitazama, akaitazama saa. Akavaa kofia, akashika mpini, akaenda. Kule mwenzangu akaijaza, kisha akawapa ufunguo wanawake wanaokuja sokoni wauache kwangu. Siku iliponyamaza kule, akamwambia, "Ufunguo uko Nsemulwa." Akaja. Nami nikaijaza, nikaurudisha ufunguo kwa wanawake wale wale. Tuliishi hivyo miaka. Kwa kaka zangu nilikwenda kusalimia tu.

Sijui kama aligundua. Siku moja alinikuta mlangoni namfungia mwanamke wa soko ufunguo kwenye khanga. Akasimama kidogo, akageuza uso, akaniuliza leo mboga ni nini.