Niliiba Sauti ya Mama wa Rafiki Yangu

Nina hatia, na sina wa kumsingizia. Mkono ulioiba ni huu huu ninaoandikia.

Mimi na rafiki yangu, nimwite Zuhura, tulikuwa na bendi ya watu wawili hapa Malindi. Yeye mwimbaji, mimi wa kinanda na kompyuta. Albamu yetu ya kwanza tuliirekodia chumbani kwangu, dirisha tumeliziba kwa godoro ili honi za tuktuk zisiingie. Nyimbo saba zilikuwa tayari. Wa nane ulikuwa maiti. Midundo ipo, kinanda kipo, roho haipo!

Ndipo ikaja harusi ya binamu yake Zuhura.

Watu wa pwani mwaijua siku ya kupamba bibi harusi. Ni ya wanawake pekee. Buibui huvuliwa, na simu zote huachwa mlangoni kwenye kikapu, ili ya ndani yabaki ndani. Yangu niliitoa huku nacheka. Lakini mkobani mlikuwa na kinasa sauti chetu kidogo, tulichozoea kurekodia mvua na kelele za soko. Wallahi nilikuwa nimekisahau, mpaka Bi Rukia alipoanza kuimba.

Bi Rukia ni mamake Zuhura. Hakuna mwanamume wa nje aliyewahi kumsikia akiimba. Katikati ya ubeti alivuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, ukumbi mzima ukanyamaza. Alipomaliza akamgeukia bintiye.

"Na wewe siku yako nitakuimbia mpaka unifukuze!"

"Nikufukuze, mama? Kwanza huyo mume apatikane!"

Vicheko, vigelegele. Mkono wangu ulikuwa mkobani. Nilikuwa nimeshabonyeza.

Nyumbani niliishusha sauti ile ikawa nzito, nikaikatakata, nikailaza chini ya kinanda. Zuhura alipoisikia alijishika mikono.

"Shoga, mwili wanisisimka! Umeitoa wapi?"

"Nimeinunua mtandaoni."

Uongo ulitoka mwepesi, jamani! Naye akaimba juu ya sauti ya mamake, asijue.

Albamu ilipotoka, wimbo huo ndio uliopendwa. Kilifi vijana waliucheza ufukweni. Malindi madereva waliufungulia mpaka viti vikatetemeka. Nami nikavimba kichwa!

Asubuhi moja Bi Rukia alikwenda sokoni kununua bamia. Alirudi mikono mitupu. Mimi na Zuhura tulikuwa barazani kwao.

"Shikamoo, Bi Rukia."

Hakuniitikia. Aliketi, akanitazama.

"Wanaume wanne kwenye tuktuk," akasema polepole, "waimba nami. Sauti umeigeuza, lakini pumzi ni yangu. Pumu hii nimezaliwa nayo."

"Mama, wasema nini?" Zuhura akauliza.

"Muulize mwenzio mkobani mwake mlikuwa na nini siku ya kupamba."

Zuhura alinigeukia, akisubiri nikane. Sikuweza.

"Ungeniomba ningekataa," Bi Rukia akaniambia. "Na ulijua. Ndiyo maana hukuomba."

Siku hiyo hiyo tuliuondoa wimbo mtandaoni. Tulikuwa tumechelewa! Watu walikuwa wameshauhifadhi kwenye simu zao, na hadi leo wimbo huo hunipita barabarani. Bendi iliishia barazani pale.

Mwezi uliopita Zuhura aliolewa. Sikutarajia mwaliko wa siku yake ya kupamba. Nasikia ni Bi Rukia aliyesema, "Mwiteni. Naye aje asikie."

Mlangoni kikapu kilikuwepo, na safari hii mama mmoja akipekua mikoba. Akamwaga vitana, wanja, lesso. "Tangu lini twapekuliwa kama wezi?" mgeni mmoja akanung'unika. Hakuna aliyenitaja. Nilitamani wanitaje!

Zuhura aliketi juu ya jukwaa, hina hadi viwikoni. Wanawake wakaanza kupiga makofi kumwita mamake aimbe. Bi Rukia akasimama. Akafungua kinywa. Macho yake yakashuka hadi kwenye mkoba mapajani mwangu, yakatua hapo.

Akafunga kinywa. Akainama, akamrekebisha bintiye hereni ambayo haikuwa imepinda. Zuhura akamshika mkono. Makofi yalififia moja moja, mpaka nikasikia feni.

Hicho ndicho nilichoitiwa kusikia.

Nyinyi mnaotengeneza muziki, mnaowinda sauti kila mahali kama nilivyokuwa mimi, nawasihi: ombeni kwanza. Mkinyimwa, uacheni wimbo wenu ufe. Wa kwangu ungekufa, na Zuhura angeimbiwa na mamake.